Kuni za Haki, Makaa ya Sadaka: Historia ya Moto wa Maskini Uingereza

Misaada ya kuni na makaa kwa maskini wa Uingereza kwa kawaida huandikwa kama sura ndogo ya historia ya huruma, yenye kasisi mwema, tajiri mwenye moyo na gunia la makaa ya mawe linaloshushwa mlangoni mwa mjane siku chache kabla ya Krismasi. Picha hiyo si ya uongo, ila imeanzia katikati ya kisa. Kabla ya gunia kulikuwa na haki, na sehemu kubwa ya gunia hilo ilikuwa fidia ya haki iliyoondolewa, ingawa waliolipokea walifundishwa kushukuru kana kwamba wamepewa kitu ambacho hakijapata kuwa chao. Msomaji wa Tanga au Mombasa, ambaye kwake kuni ni za kupikia na baridi ni ya kujifunika shuka, huenda asione mara moja uzito wa jambo hili, lakini wa Njombe au Limuru atalielewa upesi. Katika nchi ambayo baridi huanza Novemba na kuendelea hadi Machi, nyumba isiyo na moto hupata unyevu na ukungu kutani, wazee na watoto wachanga huugua vifua, na hata chakula kilichomo ndani hakipikiki.

Katika zama za kati, kijiji cha Uingereza kilikuwa chini ya bwana wa ardhi, lakini si ardhi yote iliyokuwa yake kuitumia apendavyo. Pembezoni mwa mashamba kulikuwa na ardhi ya pamoja, yaani misitu, mbuga, mabwawa na nyika ambazo wanakijiji walikuwa na haki za kuzitumia kwa desturi: kulisha ng'ombe, kupeleka nguruwe msituni wale njugu za mialoni, na kujipatia nishati. Haki za nishati zilikuwa za aina mbili hasa. Ya kwanza ilikuwa haki ya kuokota kuni na kuchukua mbao za kukarabatia nyumba na ua. Ya pili ilikuwa haki ya kukata mboji, yaani udongo mweusi wa mabwawani uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao ukikaushwa huwaka polepole na kutoa joto la kutosha chumba kizima. Hati ya Misitu ya mwaka 1217, iliyotolewa kwa jina la Mfalme Henry III alipokuwa bado mtoto, ilizitambua haki za namna hiyo katika misitu ya kifalme, na ndiyo maana baadhi ya wanahistoria huiona kuwa na maana kubwa zaidi kwa mtu wa kawaida kuliko Magna Carta, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa mapatano baina ya mfalme na wakubwa wake.

Haki hizo hazikuwa ruhusa ya kuchukua bila kipimo. Mabaraza ya vijiji yaliweka kanuni za nani akate, lini, wapi na kiasi gani, na aliyezivunja alitozwa faini. Mahali pengi kuni zilizoruhusiwa zilikuwa zile zilizokwisha kuanguka, au matawi makavu ambayo mtu angeweza kuyavuta chini kwa fimbo ya ndoana bila kutumia shoka. Mboji ilikatwa mwishoni mwa majira ya kuchipua na mwanzoni mwa kiangazi kwa sepetu yenye makali, ikatolewa kwa mapande yaliyolingana na matofali, ikaanikwa, ikageuzwa, ikapangwa kwa mafungu yanayopitisha upepo, kisha ikasombwa nyumbani kabla mvua za vuli hazijaanza. Wanawake na watoto walikusanya vichaka vya miiba, ambavyo huwaka kwa kishindo na kufaa kuwashia tanuri ya mkate, na katika wilaya zisizo na miti, kama sehemu za Northamptonshire na Buckinghamshire, walikausha hata mavi ya ng'ombe yakawa nishati. Kazi hiyo haikuingia katika hesabu ya mshahara wa mtu yeyote, na kwa sababu haikuhesabiwa, thamani yake ilikuja kuonekana baadaye sana, ilipokuwa haiwezekani tena kuifanya.

Serikali yenyewe ilijua kwamba moto ni kipimo kizuri cha uwezo wa nyumba. Kati ya 1662 na 1689 ilitoza kodi ya meko, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila mahali pa kuwashia moto, na waliokuwa maskini mno walisamehewa kwa cheti kilichotiwa saini na kasisi na wazee wa kanisa. Utaratibu huo wa cheti unastahili kukumbukwa, kwa kuwa viongozi walewale wa parokia, yaani eneo la kanisa ambalo tangu sheria ya maskini ya mwaka 1601 lilikuwa pia na wajibu wa kuwatunza fukara wake, ndio watakaokuja kuamua nani apate makaa. Jijini London, ambako kuni zilikuwa zimeadimika na watu kuhamia kwenye makaa ya mawe yaliyosafirishwa kwa merikebu kutoka Newcastle, hatari ilijionyesha mapema: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 vilipoukata mji huo na bandari ya kaskazini, bei ilipanda na maskini wakaganda. Kuanzia hapa neno makaa litamaanisha makaa ya mawe, si yale ya miti yanayouzwa kwa magunia kando ya barabara zetu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na sheria za ua. Hizi zilikuwa sheria za Bunge, moja moja kwa kila eneo, zilizoruhusu ardhi ya pamoja kupimwa, kugawanywa na kuzungushiwa ua kuwa mali ya watu binafsi; kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa zaidi ya 5,200, zikihusu ekari milioni 6.8, na wingi wake uliangukia miaka ya mwisho ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Utaratibu ulifanana karibu kila mahali. Wenye ardhi walipeleka ombi bungeni, makamishna wakateuliwa, mpimaji akachora ramani, na kila aliyeweza kuthibitisha haki yake kisheria akapewa kipande kulingana na ukubwa wa mali aliyokuwa nayo. Mpangaji wa kibanda, ambaye alikuwa akikata mboji kwa sababu wazazi wake walikata na hakuna aliyewahi kumkataza, hakuwa na hati ya kuonyesha. Na hata mwenye kibanda chake aliyepata robo ya ekari alitakiwa kuizungushia ua kwa gharama yake, kwa hiyo wengi waliuza mara moja. Arthur Young, mwandishi wa kilimo ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpiga debe mkubwa wa sheria hizo, alikiri mwaka 1801 kwamba karibu zote zilikuwa zimewaumiza maskini, na akapendekeza wapewe ardhi. Wenzake hawakumsikiliza sana.

Hasara ya nishati ilijitokeza hata katika mkate. Frederick Eden, aliyechapisha utafiti wake mkubwa juu ya hali ya maskini mwaka 1797, aliona kwamba vibarua wa kaskazini, waliokuwa karibu na migodi, waliweza kuoka mikate yao na kupika supu na uji, ilhali wa kusini walinunua mkate wa dukani uliokuwa ghali zaidi kwa sababu kuwasha tanuri kuligharimu zaidi ya kiasi ambacho kununua unga kungeokoa. David Davies, kasisi wa Barkham katika Berkshire, miaka miwili kabla yake alikuwa amechapisha hesabu za matumizi ya familia za vibarua, na humo nishati imeorodheshwa pamoja na kodi ya nyumba na nguo kama gharama zinazobaki baada ya mshahara kuishia kwenye chakula. Wengine walijisaidia kwa njia iliyo wazi: walivunja ua mpya usiku na kuuchoma mekoni. Mahakimu waliwaadhibu kama wezi wa kuni, na kwa mujibu wa sheria iliyokuwapo walikuwa wezi kweli.

Mahali pengine upinzani ulikuwa wa hadharani. Otmoor, bwawa la ekari zipatazo 4,000 karibu na Oxford lililotumiwa kwa pamoja na vijiji saba, lilizungushiwa ua baada ya mabishano ya miongo mingi, na mnamo Septemba 1830 watu wapatao elfu moja waliuzunguka mpaka wake mchana kweupe wakiubomoa ua kila walipoukuta. Askari walikamata watu yapata arobaini na kuwapeleka gerezani Oxford, lakini siku hiyo ilikuwa ya tamasha la Mtakatifu Giles, mitaa imejaa watu, na umati ukawashambulia walinzi hadi wafungwa wote wakaachiliwa. Kisa hicho hutajwa mara nyingi kama mfano wa ushupavu wa wakulima. Kwa mada ya hapa kinatosha kuonyesha kwamba waliopoteza hawakuwa na shaka yoyote juu ya nini kilikuwa chao.

Ni katika mazingira hayo ndipo kilipozaliwa kiwanja cha nishati, kitu ambacho ndicho kiini cha simulizi hili. Makamishna wa ugawaji, ama kwa dhamiri ama kwa kuogopa ghasia, walitenga mara kwa mara kipande kimoja cha nyika kwa ajili ya maskini wa parokia, wakakikabidhi kwa wadhamini ambao kwa kawaida walikuwa bwana wa ardhi, kasisi, wazee wa kanisa na wasimamizi wa kodi ya maskini, yaani ile iliyotozwa na parokia kuwatunza fukara wake. Mwanzoni baadhi ya viwanja viliachwa vikatwe mboji na vichaka kama zamani, lakini ekari chache haziwezi kubeba mzigo uliokuwa ukibebwa na mamia, na mboji ikishakatwa yote hairudi katika umri wa mwanadamu. Kwa hiyo wadhamini walianza kukodisha kiwanja kwa mkulima, na kwa kodi yake wakanunua makaa ya kugawa. Mifereji ya majahazi ilirahisisha mpango huo, kwa kuwa kabla yake makaa yaliyobebwa kwa mikokoteni yalikuwa ghali mno mbali na bahari na migodi. Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761, ulishusha bei ya makaa mjini Manchester kwa karibu nusu.

Kwa hatua hiyo moja ya kiutawala, ambayo pengine haikumshtua yeyote katika kikao kilichoipitisha, mambo matatu yalibadilika. Nishati iliyokuwa ikichukuliwa ikawa inatolewa. Mwenye kuistahili, ambaye awali alikuwa kila mkaaji wa kijiji kwa desturi, akawa maskini peke yake. Na kipimo, ambacho zamani kilikuwa nguvu za mikono na kanuni ya baraza, kikawa bei ya soko ya mwaka huo pamoja na hiari ya wadhamini. Sheria ya mwaka 1832 iliongeza matumizi mengine, kwa kuruhusu viwanja vya nishati vikodishwe kwa vibarua vipande vidogo vya kulima viazi na mboga, jambo jema kwa tumbo ingawa halikuwasha moto. Tume ya uchunguzi wa misaada iliyozunguka nchi nzima kati ya 1818 na 1837, ikifuatwa mwaka 1853 na kuanzishwa kwa Tume ya Mashirika ya Hisani, ilikuta mifuko ya namna hii imesambaa vijijini, mingine ikiendeshwa vizuri na mingine kodi yake ikiwa imepotelea mikononi mwa wadhamini au kukodishwa kwa jamaa zao kwa bei ya kutupa.

Ugawaji wenyewe ulifanyika mara nyingi katikati ya majira ya baridi, na tarehe iliyopendwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Thomas, 21 Desemba, siku ambayo kwa desturi ya zamani wanawake maskini, hasa wajane, walipita nyumba kwa nyumba kuomba chochote. Orodha ilisomwa kanisani au kubandikwa mlangoni, na mahali pengi kulikuwa na masharti: aliyepokea msaada wa kodi ya maskini mwaka huo aliondolewa, asiyehudhuria ibada alitiliwa shaka, na aliyepatikana na hatia ya kuwinda sungura wa bwana alijua hana haja ya kujitokeza. Kiwanja kilichotolewa kama fidia ya haki ya wote kilikuwa kimegeuka fimbo ya nidhamu.

Karne ya 19 ilileta pia chama cha makaa, ambacho msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukifananisha na upatu au kibati, isipokuwa kwamba hapa hakuna zamu, bali wote hupokea msimu mmoja. Wanachama walilipa peni moja au mbili kwa wiki, katika zama ambazo shilingi moja ilikuwa peni 12. Fedha zilinunua makaa kwa jumla wakati wa kiangazi, bei inapokuwa chini. Na baridi ilipoingia kila mmoja alipelekewa kiasi kilicholingana na michango yake. Faida ilikuwa halisi, kwani maskini wa mjini aliyenunua makaa kwa ratili chache chache kwa mchuuzi alilipia kila ratili zaidi ya tajiri aliyeagiza tani nzima, kisa kinachoendelea kumkuta kila anayenunua mafuta ya kula kwa kipimo badala ya dumu. Tatizo la vyama vingi lilikuwa uongozi. Matajiri wa parokia waliongezea kitu juu ya michango, na kwa nyongeza hiyo wakapata usemi juu ya nani aandikishwe. John Stevens Henslow, mtaalamu wa mimea aliyemfundisha Charles Darwin huko Cambridge, alipokuwa kasisi wa Hitcham katika Suffolk kuanzia 1837 alianzisha vyama vya makaa, nguo na matibabu kwa nia isiyotiliwa shaka. Hata hivyo chama kilichoanzishwa na kasisi hubaki cha kasisi, na yeye mwenyewe alipambana na wenye mashamba wa parokia yake walioona kwamba vibarua wanadekezwa.

Vyama ambavyo wafanyakazi walijiundia wenyewe vilikuwa na sauti nyingine. Vyama vya ushirika, vilivyoenea baada ya duka la Rochdale kufunguliwa mwaka 1844, vilifika hatua ya kuuza makaa kwa wanachama na kuwarudishia sehemu ya faida kulingana na manunuzi. Katika migodi ya Durham mchimbaji alipata makaa kama sehemu ya ujira, lakini nyumba yake ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo siku alipozeeka na kuacha kazi alipoteza paa na moto kwa pamoja. Mwaka 1898 wachimbaji wa huko, wakiongozwa na mhubiri na mchimbaji Joseph Hopper, waliunda chama cha nyumba za wazee wa migodini kwa michango ya wachimbaji wenyewe, na katika nyumba hizo wastaafu walikaa bila kodi. Hapakuwa na orodha ya kusomwa kanisani.

Karne ya 20 inaweza kupitiwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa kwa muda mrefu suala la nishati ya maskini lilimezwa na masuala makubwa ya vita, utaifishaji na ujenzi wa nyumba. Mita za gesi za kutumbukiza peni, zilizoenea tangu miaka ya 1890, zilimpa mpangaji gesi bila amana, kwa bei ya juu. Anayetumia LUKU au kununua tokeni za umeme leo anaifahamu hali ya kulipa kwanza na kukaa gizani baadaye. Migodi ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1947, na wiki chache tu baadaye baridi kali ikazifunika reli kwa theluji na umeme ukakatwa katika sehemu kubwa ya nchi. Moshi mzito wa London wa Desemba 1952, uliokadiriwa wakati huo kuua watu wapatao 4,000, ulizaa Sheria ya Hewa Safi ya 1956, na sheria hiyo, pamoja na kuokoa mapafu, iliwalazimu wakazi wa maeneo yaliyodhibitiwa kununua nishati isiyo na moshi, ambayo ilikuwa ghali kuliko makaa ya kawaida.

Suala lilirudi mbele baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Wanaharakati wa mazingira mjini Durham walianza katikati ya muongo huo kwenda kwenye nyumba za wenye kipato kidogo kutandika darini matandiko ya kuzuia joto lisipotee na kuziba nyufa za milango na madirisha, wakitumia fedha za serikali za kuwapa kazi wasio na ajira. Mawazo mawili yalikutana hapo, moja la kupunguza uchomaji wa nishati na jingine la kupunguza bili, na miradi ya aina hiyo ilipoongezeka iliundiwa shirika mjini Newcastle mwaka 1981, linaloitwa sasa National Energy Action. Badala ya kumpa mtu makaa ambayo joto lake lingetokea kwenye nyufa, walishughulikia nyufa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lilikuwa ni kukiri kwamba kosa limo katika nyumba na si katika tabia ya anayekaa humo, hoja ambayo hakuna mdhamini wa kiwanja cha nishati aliyewahi kuitoa. Brenda Boardman aliipa uzito wa kitaalamu katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu umaskini wa nishati, akiueleza kuwa hali ya kaya inayolazimika kutumia zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili kupata joto la kutosha na huduma nyingine za nishati. Kipimo hicho kilitumiwa rasmi England hadi 2013, na Bunge lilipitisha mwaka 2000 sheria ya nyumba zenye joto iliyotokana na mswada wa mbunge mmoja, David Amess.

Katikati ya miaka hiyo, mgomo wa wachimbaji wa 1984 na 1985 ulionyesha sura ya zamani ya jambo hili. Familia zilizozoea makaa ya ujira zilikaa mwaka mzima bila mshahara wala makaa. Vikundi vya wake wa wachimbaji viliendesha jikoni za pamoja, na watu walirudia kuchimbua masalia kwenye vifusi vya migodi. Mnamo Novemba 1984, huko Goldthorpe katika Yorkshire, vijana wawili wa familia moja walifukiwa na udongo wakifanya kazi hiyo, wakafa. Waliokuwa wakichimbua vifusi walikamatwa mara nyingine kwa wizi, kama wavunjaji ua wa karne mbili nyuma.

Serikali ilianza mwaka 1997 kuwalipa wastaafu wote posho ya nishati ya majira ya baridi, bila orodha na bila cheti. Mwaka 2024 serikali nyingine iliibana posho hiyo England na Wales ibaki kwa wale tu wanaopokea ruzuku za maskini, ikapingwa vikali, na mwaka 2025 ikarudishwa kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Kabla ya kubanwa huko ulikuja mshtuko wa bei wa 2022, wakati ukomo wa bili ya kaya ya kawaida ulipotangazwa kuwa pauni 3,549 kwa mwaka kuanzia Oktoba, kabla serikali haijaingilia kati na kuushusha hadi 2,500. Maktaba, makanisa, misikiti na kumbi za mitaa zilifungua milango kuwa mahali pa kuota joto bila malipo, zikiwa na chai na mtandao.

Mifuko ya kale nayo ilikutwa ingali hai. Mmoja ulio mashuhuri ni wa Hampton, magharibi ya London, uliotokana na sheria ya ua ya mwaka 1811 iliyowatengea maskini wa mji huo ekari kadhaa za nyika kwa ajili ya nishati. Ardhi hiyo ilibaki mikononi mwa wadhamini kwa zaidi ya karne moja na nusu huku jiji likiisogelea, na mwaka 1988 iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 20 ili lijengwe duka kubwa la Sainsbury's. Kwa mapato ya uwekezaji wa fedha hizo, mfuko huo, unaoitwa leo Hampton Fund, huzipa kaya zenye kipato kidogo za eneo lake ruzuku za gesi na umeme, baada ya mwombaji kuonyesha uthibitisho wa kipato chake.